Gaolathe na Jagi la Mageu

Mume wangu Gaolathe haogopi fahali wala fisi. Anaogopa hospitali. Alipoona damu kwenye choo chake alinyamaza, mpaka siku nilipofua suruali zake nikajionea. Kaka yake alikufa kwa saratani ya utumbo, hapahapa mjini kwetu Kanye. Nilimburuta hospitali.

Wakampangia siku ya kutazamwa utumbo kwa kamera ndogo. Wakampa dawa ya kusafisha tumbo, wakamwambia siku ya kuamkia kipimo asile, anywe tu. Basi bwana akakaa na jagi lake la mageu, togwa yetu ya mahindi, akashusha vikombe kama yuko harusini. Dawa akanywa nusu ya jioni tu. Nusu ya alfajiri akaiacha, eti tumbo limeshakuwa tupu.

Daktari alipotazama aliona uji mtupu, akamrudisha nyumbani na kumpangia siku nyingine. Gaolathe alinuna njia nzima, kana kwamba utumbo ule ni wa daktari.

Jioni nilimweleza jirani yetu Mma Boipelo, muuguzi wa zahanati.

"Rra, mageu ni chakula," alimwambia Gaolathe; Rra kwetu ni bwana, Mma ni bibi. "Yanaacha machicha tumboni. Kunywa kile unachoweza kuona upande wa pili wa glasi: maji, chai ya rangi, mchuzi uliochujwa."

"Na ile nusu ya alfajiri? Nilienda chooni mpaka miguu ikalegea."

"Usiku tumbo linaendelea kushusha uchafu. Nusu hiyo ndiyo inayouondoa. Maliza yote kwa saa uliyopangiwa, mpaka kinachotoka kifanane na mkojo."

Akamkataza pia maharage na tikiti lenye mbegu siku chache kabla.

Mara ya pili nilimpa Mma Boipelo jagi alifiche. Wageni niliwaambia Rra kasafiri, na kweli alisafiri, kati ya kitanda na choo. Alfajiri alikunja uso, akamaliza dawa. Kisha akaniita kwa fahari nikatazame. Nilikataa.

Safari hii daktari aliona kinyama kidogo kimeota ndani ya utumbo, akakitoa palepale. Hakikuwa kimegeuka saratani. Alisema mara ya kwanza kilikuwa kimejificha chini ya uji. Gaolathe alimtaja kaka yake. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Siku hizi mwanamume yeyote hapa akipangiwa kipimo hicho, Gaolathe anamwendea mapema, anamweleza yote, anaondoka na jagi la mageu la mwanamume huyo. Anasema analitunza. Linarudi tupu.