Vipimo vya Bonge

Jioni ile nilitoka kununua zipu tu. Zipu nyeusi ya gauni la mteja, basi. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alinikuta dukani, akanivuta pembeni kama mtu mwenye siri ya utajiri.

"Bado unahangaika na yale majarida ya mtandaoni?"

Nilikuwa nahangaika, ndiyo. Mimi ni fundi cherehani. Mikono yangu haina nafasi ya kushika simu, kwa hiyo simu hunisomea kwa sauti huku nikishona. Nilitaka jarida moja tu la maana, liwe linaingia kwenye barua pepe kila wiki, linifundishe mitindo. Nilichokuwa napata ni takataka. Moja lilinipigia kelele nipunguze tumbo. Jingine liliandikwa na mwanamume ambaye hajawahi kushika sindano, anatufundisha sisi mafundi kuota ndoto kubwa. Nikijiondoa kwenye moja, yanaingia mawili. Yalikuwa yamenifika hapa, shingoni.

"Lipo moja," wifi akasema, akashusha sauti. "Unajaza vipimo vya mtu halisi, wanakutumia paterni yake, wewe unakatia kitambaa tu. Nguo inakaa mwilini kama imezaliwa naye. Niamini."

Nilimwamini. Wifi naye ni fundi, ng'ambo ya barabara yetu. Binti yake alikuwa amelala ndani miezi, amekonda, madaktari wamekuna vichwa. Na jioni ile mama mtu alikuwa anacheka. Hasira yangu inaanzia hapo.

Nyumbani naishi na mdogo wangu, tunamwita Bonge. Mama alipofariki aliniachia yeye na cherehani, na vyote viwili nimevitunza. Sanamu ya kuvalisha nguo sina. Sanamu yangu ni Bonge. Kila gauni analijaribu yeye kwanza. Anageuka nikimwambia geuka, anatafuna, ananilalamikia kwamba namchoma na pini. Vipimo vyake navijua kuliko namba yangu ya simu.

Kwa hiyo jarida lilipouliza vipimo vya mtu halisi, nilijaza vya Bonge. Hata futi ya kupimia sikuishika. Fundi yeyote angefanya hivyohivyo.

Toleo la kwanza liliingia nikiwa napiga pindo. Simu ikasoma: "Msomaji mpendwa. Asante kwa kutuletea mtu."

Nikacheka. Nikasema hawa nao Kiswahili chao kimewashinda.

Paterni ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Gauni la mikono mirefu. Nilikata, nikashona, Bonge akavaa, sikuhitaji hata pini moja.

Wiki iliyofuata wakatuma ileile, kiuno kimepungua. Nikajua wamekosea. Nikaishona kwa utani, nikamwambia Bonge, haya, ingia humo tukuone.

Ikamkaa.

Mtaani wakaanza. "Bonge! Siku hizi unapendeza! Unafanya mazoezi gani?" Watu wana midomo. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mbona hali chakula. Mimi ndiye niliyekuwa nazipunguza nguo zake, natoa kitambaa ubavuni wiki hata wiki, na yeye anazidi kupotea ndani ya nguo hizo. Hospitali walipima damu, wakasema hana kitu. Hana kitu! Mtu mzima anaisha mbele ya macho yako, unaambiwa hana kitu!

Na matoleo yakawa yanaingia. Kiuno kikapungua tena. Kisha mikono ikaondolewa.

Halafu jioni moja simu ilianza kusoma bila mimi kuigusa. Sauti ilikuwa ndogo... kama mtu aliyeficha mdomo nyuma ya kitambaa.

"Msomaji mpendwa. Paterni ya mwisho. Ishonwe kabla ya wiki kwisha."

Nilikata vipande vya paterni, nikavitandaza mezani. Nikavigeuza. Mbele, nyuma. Hapakuwa na mikono. Chini pamefungwa. Nikatafuta shingo. Nikageuza tena.

Nguo gani haina pa kutolea kichwa?

Chumba kilinuka udongo uliolowa, na nje kulikuwa kukavu.

"Dada..." Bonge alikuwa kwenye kiti, amejifunika shuka, macho yameingia ndani. "Hiyo ni yangu?"

Nilitoka na mkasi mkononi bila kujua kwamba nimeushika.

Nilimkuta binti wa wifi anaruka kamba mlangoni kwao. Mashavu yamejaa. Nilisimama pale nikamwangalia anavyoruka, na damu ikanichemka mpaka masikio yakaziba.

Wifi alitoka. Aliuona mkasi.

"Ulijaza vipimo vya mwanao," nikasema.

"Kama wewe tu," akanong'ona. "Nilitaka kumshonea sare. Sikujua, wallahi."

"Ukatoka vipi?"

Kamba inapiga chini. Tap... tap... tap...

"Chini kabisa, pale pa kujiondoa. Wanataka mtu mwingine. Ukiwajazia vipimo vyake, au ukiwapatia msomaji mwenye mtu wake, wako wanamwachia."

"Ukawapa Bonge."

"Mimi nilikupa jarida. Bonge umempeleka mwenyewe."

Mkono wangu ulinyanyuka. Ningemtia kofi moja asahau alikozaliwa. Lakini mtoto aliacha kamba, akaja mbio, akanishika sketi.

"Shangazi, umeniletea nini?"

Nilimtazama. Mwaka jana nilimshonea gauni la sikukuu. Vipimo vyake pia ninavyo kichwani. Vilipita, sifichi, kifua, kiuno, urefu, vyote vilipita. Wifi aliviona vikipita usoni mwangu. Akamvuta mtoto nyuma yake, akaanza kulia bila sauti.

Nikaondoka. Kwa nini iwe lazima mtu? Kwa nini wao wakae huko waliko, wasio na sura wala anwani, na sisi huku tukabidhiane watoto?

Nilifungua sehemu ya kujiondoa. *Lete mtu mwingine.* Visanduku vya vipimo vikafunguka.

Haya.

Nilijaza mtu asiyekuwepo. Shingo pana kuliko kifua. Mikono mirefu mpaka sakafuni. Urefu unaopita mlango wangu na kubaki. Nilibonyeza kioo mpaka kidole kikauma. "Mpimeni huyo, mashetani wakubwa nyie!"

Ndani ya simu nikasikia kitu kama pumzi.

"Asante kwa kutuletea mtu... Tumempata."

Bonge akageuka kwenye kiti. "Dada, kuna chakula?"

Alikula mpaka sufuria likalia. Mimi nililia jikoni, na hata kile kilio kilikuwa cha hasira. Simu niliitumbukiza kwenye ndoo ya maji, nikaifunika na jiwe. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kumwachia nguo zake ubavuni, kiuno kimerudi, domo nalo limerudi. Nikasema yameisha.

Jana jioni nilikuwa naweka zipu. Ile harufu ikaingia kwanza.

Udongo uliolowa.

Kisha mlango ukajaa. Kitu kiliinama ili kiingie. Kikaendelea kuinama... na bado kilikuwa kinaingia.

"Fundi," kikanong'ona. "Nimekuja kupimwa."

"Dada, ni nani?" Bonge aliuliza kutoka chumbani.

"Mteja. Kaa hukohuko."

Hasira ndiyo iliyonisimamisha. Nilichukua futi. Siku hizi sikati kwa namba za kusikia, napima mwenyewe. Shingo. Kifua. Mikono, mpaka sakafuni. Kila kipimo kilikuwa vilevile nilivyokiandika kwa kidole changu. Futi ilirudi imelowa, baridi.

"Nani amekuelekeza kwangu?" Nilisema kwa mazoea. Ni swali ninalomuuliza kila mteja.

"Sikuwa na kimo," kikasema. "Wewe ndiye uliyenipa."

"Unataka nguo gani?"

Kikafikiri.

"Yenye pa kutolea kichwa."

Nilishona. Ningefanyaje, na Bonge yuko nyuma ya pazia? Nilikanyaga cherehani kana kwamba namkanyaga mtu. Kikavaa. Nikasema geuka, kikageuka taratibu, kama anavyogeuka Bonge.

"Imenikaa," kikasema. Mlangoni kikainama tena, kikanitazama kwa muda mrefu. "Fundi mzuri hapatikani ovyo. Nitakupendekeza kwa wenzangu."

Leo jua limezama. Simu bado iko kwenye ndoo. Bonge amekaa dirishani anatafuna, na sasa hivi ameacha kutafuna.

"Dada," anasema. "Mbona hawa watu waliopanga foleni ni warefu hivi?"