Vipele Chini ya Mtandio

Kila asubuhi Tuda alijitwika ubao wa mikate ambayo bado haijaokwa, akaupeleka kwenye tanuri la kijiji, mahali wanawake wa mlimani walipookea na kuteta. Asubuhi moja kichwa kilimgonga na macho yalimwasha. Njiani akajipapasa nyuma ya masikio. Vipele!

Alijua ni surua. Nyumba ya jirani tayari ilikuwa imetundika kitambaa chekundu mlangoni, ili watoto wasiingie. Lakini kesho yake ilikuwa sherehe ya kumpaka hina binamu yake kwa ajili ya harusi, na Tuda ndiye aliyeahidiwa kushika sahani ya hina. Akavuta mtandio hadi kwenye nyusi.

"Mbona macho mekundu, wewe? Unamlilia bwana harusi?" alitania Rkia, rafiki wa mama yake.

"Moshi tu, shangazi."

"Haya, nishikie huyu nitoe mikate yangu."

Anir, mwanawe Rkia, alikuwa na miezi sita. Alimvuta Tuda pua, akacheka. Tuda akageuka akakohoa, kisha akambusu.

Kesho yake vipele vilimjaa usoni. Harusi ikampita kitandani.

Tuda alipopona, Anir akashikwa. Surua ikamshukia kifuani, akawa anapumua kwa kukoroma. Theluji ilikuwa imeziba njia ya zahanati. Baba yake Anir alipanda nyumbu wa mizigo akiwa amemkumbatia mtoto, akarudi jioni amemfunika uso.

Tuda akaenda msibani. Akapiga magoti mbele ya Rkia.

"Shangazi, haukuwa moshi. Nilikuwa na vipele, na nilijua."

"Ondoka," alisema Rkia.

Njia ilipofunguka, muuguzi alikuja na sanduku la chanjo. Baba yake Tuda, ambaye siku zote alisema, "Sisi tulikua bila sindano," safari hii hakuwazuia watoto wake. Rkia ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwatoa watoto nje. Akafika na kwa Tuda.

"Anir alikuwa hajafikia umri wa kuchanjwa," alisema. "Kinga yake ilikuwa ninyi wakubwa: mchanjwe, na mkiugua mseme. Uongo wako ulikuwa mdogo, Tuda. Naye alikuwa mdogo."

Tuda alilia.

"Sijakusamehe bado. Ila ulikuja kusema mwenyewe, na hilo nimelisikia. Mbebe mdogo wako, twende kwa muuguzi."