Jumapili ya Naomi

Ilikuwa siku ya sita ya shughuli za arusi, na nyumba ya Bi Mwanaesha, pale Mji wa Kale, ilijaa watu mpaka ngazini. Uani wanawake walichagua mchele huku ndimi zikichagua watu: nani kaposwa, nani kaachwa, nani kaja na leso ya kuazima. Fadhiya, binti wa mwenye nyumba, mwanafunzi wa gredi ya sita, aliegemea gunia la vitunguu, macho mazito.

"Hebu tusomee insha yako, Fadhiya," alisema shangazi yake, Shukri. "Labda itatuondolea usingizi."

Fadhiya akasoma. Haki za binadamu kila mtu huzaliwa nazo, tajiri na maskini, Mwislamu na Mkristo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mataifa yalipoona watu walivyouawa kama kuku, yalikutana mwaka 1948 yakaziandika, asije mtu akasema hakujua. Haki ya kuishi, ya kusoma, ya kuabudu, ya kupumzika...

"Na kupumzika kumo?"

Aliyeuliza alikuwa Naomi, mfanyakazi wa nyumba, mikono imezama ndani ya sufuria la biriani alilokuwa akilisugua.

"Kumo, dada."

"Basi Mama, narudia ombi langu. Jumapili mwanangu anabatizwa kule Rabai. Naomba niende."

Mchele uliacha kulia kwenye ungo. Bi Mwanaesha akashusha pumzi. "Naomi, Jumapili ndiyo siku ya kupamba. Wanawake mia mbili watakuja kumtazama binti yangu, bibi arusi. Nawe hapa si mtumishi, ni wa nyumbani. Wa nyumbani huondoka siku ya shughuli?"

Naomi akarudi kusugua. Fadhiya alijua mtoto anayemkosoa mamake mbele ya wageni sifa zake hufika Likoni kabla ya feri. Hata hivyo ulimi ulimwasha.

"Mama, hata mimi ni wa nyumbani. Lakini mimi leo nimelala mchana. Dada Naomi ana Jumapili tatu hajatoka."

"Loo! Insha imemwotesha mtoto pembe!" Shukri alicheka, akacheka peke yake.

Bi Mwanaesha aliitazama miguu ya Naomi. Ilikuwa imevimba, kamba za ndara zimezama nyamani. Yake pia ilimuuma; labda ndiyo maana aliiona.

"Mwanao anaitwa nani vile?"

"Everlyne, Mama."

"Miaka mitano unanilelea wangu, na jina la wako sijui. Nenda Jumamosi. Rudi Jumatatu."

Jumapili wageni walikula, wakasema, wakaondoka. Masufuria yakabaki. Bi Mwanaesha, Shukri na Fadhiya waliyasugua mpaka mabega yakafa ganzi, Shukri akilalama bila kituo.

"Mama, umenikasirikia?" Fadhiya aliuliza.

"Nimechoka tu, mwanangu." Bi Mwanaesha aliketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi. "Nilidhani kumwita mtu wa nyumbani kunatosha. Kumbe nilimpa jina zuri nikamnyang'anya siku zake. Haki ya mtu hatumpi tukipata nafasi, kama zawadi. Ni yake hata siku inayotuchosha sisi. Na siku kama hiyo ndiyo utajua kama kweli unaiamini. Haya, nisogezee lile kubwa."

Fadhiya akalisogeza. Yalibaki manne.