Dakika Kumi za Kwenda Bukoba

Mkunjo ulipowashwa, taa za kiwanja cha ndege cha Mtwara zilififia kidogo, na chumba kizima chenye abiria mia kikatoweka. Dakika kumi baadaye kilikuwa Bukoba, upande wa pili wa nchi. Mtambo huo haukuruka. Uliukunja umbali kati ya viwanja viwili mpaka vikagusana, chumba kikavuka. Abiria walilazwa kwa dawa ili wasishikwe na kizunguzungu. Ndivyo kampuni ilivyosema.

Kemilembe alikuwa ameacha kuisadiki. Tangu ajifungue, alikuwa akimnyonyesha mwanawe Alinda mpaka anashiba, anamwachia yaya, anapanda. Akifika Bukoba maziwa yamemjaa, blauzi imelowa. Dakika kumi gani hizo? Hapo ndipo alipoanza kuutilia shaka ukarimu wa kampuni: pilau ya bure mlangoni pa kushukia, vyoo vingi kupita kiasi, vinyozi wasiodai hata senti. Watu walishuka wakala kama waliotoka kufunga, huku wakisifu huduma. Akili zao walikuwa wameziweka likizo.

Siku hiyo walikuwa wakimpeleka Alinda kwa bibi yake kwa mara ya kwanza. Mumewe, Kaijage, mfanyabiashara aliyevuka kila siku kwenda na kurudi, alitangulia ndani na mtoto. Mlangoni alisimama Mutalemwa, mdogo wake Kaijage, mhandisi wa Mkunjo. Kemilembe alimuuliza kwa nini yeye huenda kwao Bukoba kwa ndege ya zamani ya mapangaboi. Mutalemwa akasema anapenda kutazama mawingu. Kemilembe akamweleza habari ya maziwa, bila kumung'unya maneno.

Mutalemwa akatazama huku na huku.

"Shemeji, mtoe mtoto humo."

"Niambie kwanza."

Akamwambia kwa sauti ya chini. Huku nje zinapita dakika kumi, lakini ndani ya mkunjo mwili unaishi zaidi ya nusu siku. Hakuna anayekufa. Wanazeeka tu, na kampuni inajua.

"Na kaka yako unamtazama tu?"

"Nilimwambia. Alisema namwonea wivu."

Kemilembe aliingia mbio, akamchukua mtoto mapajani mwa baba yake. Alimwomba Kaijage washuke wote, akamweleza aliyoyasikia. Kaijage alicheka, akasema Mutalemwa ameanza tena. Kwa ndege ya zamani ni asubuhi nzima, naye ana watu wanaomsubiri. Mlango ukafungwa Kemilembe akiwa nje na mwanawe, ana hasira, ana hofu.

Yeye na Alinda walifika Bukoba alasiri kwa ndege ya zamani, kiuno kinamuuma. Kaijage alikuwa kwa mama yake tangu asubuhi, ndevu zimenyolewa safi, akawatania kwa uchovu wao. Bibi alimpokea mjukuu, akamrusharusha, akamwimbia. Kisha akamvuta Kemilembe jikoni, akasukuma mlango.

"Mwanangu ana miaka mingapi sasa?" aliuliza.

"Mama, unaniuliza mimi? Si wewe uliyemzaa?"

"Ndiyo maana nauliza," alisema bibi. "Mvi zake zinakaribia zangu."