Tete la Mzee Stanislausi

Jumamosi Getruda alipinda suruali ya mumewe, akaishona kwa mkono, akaipiga pasi ya mkaa. Jumapili Pastory alipoivaa kwenda misa, upindo ulisimama juu ya vifundo vya miguu, soksi zikabaki nje kama zimetoka kuchungulia wageni.

"Mama Hyasinta, hii umeikata mara mbili?"

"Niikate ili iweje? Nilikupima mwenyewe, umesimama hapo mlangoni."

"Basi imerudi ulipoifua."

"Sijaifua."

Wakaitazama ile suruali. Kisha Pastory akageukia dirishani, asionekane anatabasamu.

Pastory Masatu alikuwa seremala wa Makoko, futi nne na inchi kumi na moja, na hizo inchi kumi na moja alizitaja kwa sauti kubwa kuliko futi. Katika miaka ya foleni, sukari ilipogawiwa kwa kadi, watu walipokea vifurushi vyao juu ya kichwa chake huku wakiuliza nani anafuata. Ruksa ya kuagiza bidhaa ilipokuja na mitumba ikajaa Musoma mjini, kila suruali ilikuwa kama imeshonewa mlingoti wa bendera. Getruda alizikata, na kwa vipande vya miguu tu akajaza mito miwili. Wateja waliingia karakana, wakamtazama usoni, wakasema, "Fundi mwenyewe yuko?" Mimi ninayesimulia nimezungusha kipara changu nchi nne nikikitafutia dawa, Bujumbura nikapakwa hata mavi ya njiwa, kwa hiyo sina haki ya kumcheka mtu.

Lakini kilichomkaa rohoni yalikuwa maziko ya baba yake. Jeneza alilitengeneza yeye, akalipiga randa mpaka likang'aa. Lilipoinuliwa, naye akaingiza bega mbele kulia, liliinama upande wake hadi marehemu akasikika akiteleza ndani. "Fundi, toka, shika msalaba," shemeji yake mmoja akasema, na watu wakacheka, palepale msibani. Pastory akatangulia na msalaba hadi makaburini, machozi ya kumlilia baba na machozi ya hasira yakimtoka kwa jicho moja.

Ndiyo maana mwaka wa themanini na nane, alipokwenda kutengeneza milango ya hospitali moja ya misheni upande wa Bunda, akamkuta dereva wa Nyamuswa amelala na mguu ndani ya pete za chuma, hakutoka wodini. Daktari, Mtaliano mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alimweleza. Mguu ule ulivunjika ukapona ukiwa mfupi. Sasa mfupa umevunjwa upya, nyaya zimepitishwa katikati ya nyama, na nati zinazungushwa kidogo kidogo kila siku, mfupa unajaza nafasi.

"Kwa spana namba kumi?" Pastory aliuliza.

"Namba kumi."

"Na mtu mwenye miguu mizima?"

Daktari akamtazama kuanzia utosini hadi chini, safari ambayo haikuchukua muda. "Mizima sivunji kwa furaha. Ni maumivu mwaka mzima. Unaweza kuwa kilema. Nenda, fikiri miezi mitatu, ongea na mke. Ukirudi, niletee kipimo: ulivyo, na unavyotaka. Nitakuambia kama ni wazimu."

Pastory hakuongea na mke. Vipimo alianza kuvitafuta siku hiyohiyo.

Makoko wakati ule fundi hakumpima marehemu kwa futi kamba. Futi kamba zilipotea madukani miaka ya shida, watu wakazoea tete: ndugu wanakata tete ziwani, wanalilaza ubavuni mwa marehemu, wanalipunguza liwe sawa naye, wanampelekea fundi. Jeneza likikamilika, tete linawekwa ndani, linashuka na mwenyewe. Futi kamba zilirudi madukani, lakini tete halikuondoka. Kila fundi alijua: ubao ukibaki ni wako, misumari ikibaki ni yako, tete si lako.

Wiki mbili baadaye akaja Robi, binti wa Mzee Stanislausi wa Butiama, aliyefia hospitalini mjini. Alishika kwa mikono miwili tete la futi sita kamili. Alipoondoka, Pastory alilisimamisha ukutani, akasimama chini yake, akahisi kitu kama njaa. Mezani palikuwa na tete jingine, fupi, alilojikatia mwenyewe kwa ajili ya Daktari: nilivyo. Na sasa hili hapa: ninavyotaka.

Ndugu walipokuja kuchukua jeneza, Pastory alikuwa amelizungushia tete lile fupi kitambaa cheupe na kuliweka ndani, limekaa vizuri pembeni. Robi alikuwa analia, hakulifungua. Tete refu lilikuwa tayari darini.

Suruali ilikuwa Jumapili iliyofuata.

Wiki ile Pastory aliishi kwa raha. Alidhani Mungu amemwonea huruma kabla ya Daktari. Kila asubuhi alijipima kwenye mwimo wa mlango, na kila asubuhi alama ilipanda. Jirani yake Florian, mvuvi, alisimama nje ya karakana akamkagua kama anayenunua ng'ombe.

"Fundi, siku hizi unakulaga nini?"

"Sangara."

"Sangara hata mimi nakulaga. Mbona mimi narefuka tumbo?"

Kisha mchana ukaanza kuharibika. Pastory alikuwa na desturi ya kulala kidogo juu ya benchi la kazi saa nane, jua linapoligonga bati na ziwa kunyamaza. Siku ya nane alisikia harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, ule wa chini kabisa ambao haujawahi kuona jua. Siku ya tisa kitu chepesi kililazwa juu yake kutoka kisigino hadi utosi, na ukucha ukachora alama utosini, kama yeye mwenyewe anavyochora ubao kabla ya kukata. Mtu akasonya taratibu.

"Bado," sauti ikasema, sauti ya mtu aliye kazini.

Kisha miguu ikashikwa.

Hakumwambia mtu. Maumivu yalikuwa kama moto ndani ya chuma, lakini jioni, akisimama, macho yake yalikuwa yamefika kwenye macho ya Getruda, na baada ya siku tatu yakampita. Alivumilia. Alijiambia hata Daktari alisema kutakuwa na maumivu.

Getruda aliona siku ya ishirini. Alikuja na sahani ya ugali na samaki wa furu, akasimama mlangoni pa karakana, akamwona mumewe amelala chali macho wazi na mdomo wazi bila sauti, na kwenye vifundo vya miguu yake nyama imebonyea mashimo manne upande huu na moja upande ule, mashimo ya vidole visivyo na mwenyewe, na miguu ikivutwa polepole, kwa subira, kama mtu anavyovuta kamba mbichi asiikate, na ndani ya mifupa kitu kikalia ka, kikanyamaza, kikalia tena ka, kama bua kavu la mtama linalovunjwa ndani ya gunia, na maranda yote ya sakafuni yakawa yanasogea kuelekea benchi bila upepo, na harufu ya kaburi ikaja ikamkaa ulimini hata jina la Yesu alipolitamka likawa na ladha ya udongo.

Sahani ikaanguka. Mashimo yakajaa nyama. Maranda yakatulia.

"Ni nani huyo?" Getruda akanong'ona.

"Usipaze sauti."

"Nimenong'ona, Baba Hyasinta."

"Nong'ona zaidi."

Wakakaa chini, migongo ukutani, naye akamweleza yote: Daktari, pete za chuma, tete la Robi.

"Ulitaka uvunjwe miguu? Kwa hiari yako?"

"Wewe ni mrefu. Hujui."

"Ninachojua nimelala na wewe miaka kumi na minne, na sijawahi kukutafuta kitandani nikakukosa."

Jioni hiyohiyo wakalishusha tete, wakaenda nalo Buhare kwa Bibi Wankyo, mganga mwenye miwani iliyoshikizwa kwa waya wa baiskeli. Alimlaza Pastory mkekani, akalilaza tete ubavuni mwake, akapima pengo lililobaki kwa vidole vyake mwenyewe.

"Vinne," akasema. "Una siku mbili. Tatu, kama lina uvivu."

"Ni Mzee Stanislausi ananidai?" Pastory akauliza.

"Marehemu hana neno, mwache. Hili ni jini linalokaa na vipimo. Kazi yake kuhakikisha kila tete lina mtu wake chini. Lako liko kaburini, la marehemu umelificha darini kwako. Kwa macho yake, mtu wa tete hili hajazikwa bado. Linakunyoosha ufike. Ukifika, unashuka."

Getruda akashika kanga yake kwa meno.

"Kesho adhuhuri mrudishie marehemu tete lake, zima, kama lilivyokuja," Bibi Wankyo akaendelea. "Nalo jini litakurudishia lako, kama utakavyolitendea. Mama, wewe ujifunike macho mpaka liondoke. Likikutana macho na mtu wa pili litatafuta na kipimo chake."

"Na urefu?" Pastory akauliza.

"Urefu upi?"

"Huu nilionao. Nitabaki nao?"

Bibi Wankyo akavua miwani, akamgeukia Getruda. "Mama, mumeo anaumwa mahali pengine, na dawa yake mimi sina."

Alfajiri Pastory aliamka peke yake kwenda kulishusha tete, alilokuwa amelirudisha usiku darini mwa karakana. Kichwa chake kiligonga boriti, boriti ambayo maishani mwake hakuwahi kuifikia bila ngazi. Akasimama akaipapasa kwa kiganja. Alikumbuka jeneza la baba yake likiinama. Alikumbuka kicheko. Akaushika msumeno mdogo, akaweka tete kwenye benchi, akapima shubiri moja kutoka nchani, akakata. Hesabu ilikuwa safi kichwani mwake: nikirudisha lote isipokuwa shubiri, nitarudi kote isipokuwa shubiri. Hainifikishi kwenye tete, kwa hiyo siwezi kufa, na bega la kubebea jeneza nitakuwa nalo. Kile kipande akakifukia kwenye maranda. Kilichobaki akakifunga kwa gunia, Getruda asikione.

Butiama walifika jua likikaribia utosi. Robi aliwasikiliza amesimama, mikono kifuani.

"Kwa hiyo baba yangu amelala na kipimo chako?"

"Nisamehe, binti yangu."

"Nilikupa kwa mikono miwili, Fundi. Tukamwimbia, tukamfukia, kumbe tumemfukia na wewe." Akawaonyesha kaburi kwa kidevu, akaenda kusimama barabarani, mgongo umewageukia.

Getruda alikaa chini kando ya kaburi, akajifunika kanga kichwa kizima. Pastory akapiga magoti, akasimika tete kwenye udongo. Liliingia bila shida, kama mwiko kwenye uji. Lilipofika nusu, likanyakuliwa mkononi mwake.

Hata nzi waliondoka.

Halafu chini ya udongo akasikia ukucha ukitembea juu ya tete, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukarudi. Ukatembea tena, polepole zaidi, na kwenye ncha ukasimama, ukapapasa pale palipokatwa, ukapapasa kwa muda mrefu kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake, na Pastory akataka kusema, akataka kuinuka akimbie hadi Makoko akafukue maranda kwa mikono yake, lakini magoti yalikuwa yameshikwa, vidole vinne huku na kimoja kule, na kutoka chini akaanza kusikia sauti ambayo hakuna mwingine pale angeitambua upesi kama yeye, kwa sababu alikuwa amekula kwayo tangu ujana wake, sauti ya msumeno, taratibu, mkono uliozoea, unakwenda unarudi, unakwenda unarudi, mpaka kitu kikadondoka.

Tete lake fupi likachomoza kwenye udongo. Ncha ilikuwa nyeupe, imekatwa sasa hivi. Lilipungua shubiri moja kamili.

Ka.

Safari hii hakukuwa na subira. Ndani ya giza la kanga Getruda alimsikia mumewe akipiga kelele, kisha akimwita mama yake, kisha akimwita yeye, na mifupa ikilia mmoja baada ya mwingine kama mtu anayefunga mzigo wa kuni kwa haraka awahi mvua, na yeye akakaza macho, akasali sala zote anazozijua na moja aliyoitunga palepale, mpaka harufu ikakatika, na nzi wakarudi.

"Limeondoka?" akanong'ona.

"Limeondoka."

"Uko mzima?"

"Mzima." Akavuta kamasi. "Shubiri moja tu nililibania, Mama Hyasinta. Shubiri moja."

Getruda, macho bado yamefunikwa, akainuka taratibu. Akanyoosha mkono pembeni, pale ambapo kwa miaka kumi na minne mkono wake umekuwa ukikikuta kichwa cha mumewe. Akakuta hewa.

"Basi," akasema kwa upole, "simama twende nyumbani."

"Nimesimama."