Mtutu wa Kushoto

Asubuhi ile mvua ilikatika mapema. Wanawake walisonga bukari, ugali wa huko, uani, wanaume wakacheza dama chini ya turubai, na Kabedi, aliyefika kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi juu ya magunia ya lori, alikuwa akiosha sahani za matanga. Zaïre ilikuwa bado jina jipya mdomoni. Hapo kijijini kwa baba yake, karibu na bwawa la Nzilo, walikuwa wamemzika Muamba, kaka wa baba yake, mwindaji. Bunduki yake ilimpasukia usoni.

Alibaki mjane, Mama Sikudhani, binti wa wachuuzi wa Kiislamu kutoka upande wa Kasongo. Na mtu akifa vibaya, nani atafutwe ila mgeni?

Banza, mdogo wa marehemu, akasimama na ile bunduki. Ilikuwa ya mitutu miwili, kongwe, ya enzi za Wabelgiji. Mtutu wa kulia ulikuwa umefunguka kama ganda la ndizi. Wa kushoto ulionekana mzima.

"Desturi munaijua," akasema. "Bunduki ikiua mwenyewe, mujane anaipiga mbele ya batu. Kama hakumukula bwana yake kwa uchawi, itamuacha. Kama alimukula..."

Akaonyesha ule mtutu uliofunguka.

Kabedi akaweka sahani chini. "Leta nione, tata," akamwambia baba yake mdogo.

Utotoni alikuwa akimsafishia Muamba bunduki hiyo. Akapitisha kidole juu ya mtutu wa kushoto na kukuta uvimbe mdogo, kama tumbo la nyoka aliyemeza panya. Akauelekeza juani, akachungulia. Kutu ilikuwa imekula chuma vishimo vishimo, na mahali pa uvimbe palikaa pete nyeusi. Kisha akaitazama kartushi, risasi ya ganda, aliyoishika Banza. Ganda lilikuwa limejazwa na kujazwa tena mpaka likachanika mdomo. Kijiji kizima kilijua Muamba alilijaza nini: baruti ya kupasulia mawe.

"Hii itapasuka kama ile ingine," akasema. "Si bulozi. Ni kutu na baruti."

"Aa, citoyenne wa université!" mzee mmoja akacheka, akilivuta lile neno jipya la serikali la kumwita mwanamke raia. "Anakuja kutufundisha bunduki."

"Basi upige wewe, Tata Banza. Wewe hauna kosa, si ndiyo? Itakuacha."

Banza akarudi nyuma hatua moja.

"Mi si mujane," Banza akasema.

"Na bunduki inamujua mujane kwa kitu gani? Kwa kitambaa ya kichwa?"

Mama Sikudhani akamshika Kabedi mkono. "Acha, mwanangu," akanong'ona. "Nitapiga. Nimechoka."

Hasira ikampanda Kabedi. Mwanamke aliyelia hadi sauti ikamwisha, sasa apasuliwe uso ili watu wale bukari kwa amani!

"Hapana, mama. Hautapiga."

Akaichukua bunduki mpaka kwenye kichuguu nyuma ya jiko, akaifunga kwenye kisiki kilichokuwa hapo kwa mipira ya baiskeli. Banza akaijaza mwenyewe. Kabedi akafunga kamba ndefu kwenye kifyatulio, akarudi nayo nyuma ya ukuta, walipojibanza wote.

"Ikipasuka," akasema, "mutaniambia kama kisiki nacho ni mulozi."

Upepo ukakata. Kuku wakanyamaza. Harufu ya tumbaku ikapita, kali, ya msokoto. Hakuna aliyekuwa akivuta.

Mama Sikudhani akainua uso. "Ni tumbaku yake Muamba," akanong'ona.

Kabedi hakuvuta kamba. Alikuwa bado anatafuta pumzi. Kamba ililala kiganjani mwake, imelegea.

Mlio.

Kipande cha chuma kikagonga bati la jiko. Moshi ulipotawanyika, mtutu wa kushoto ulikuwa wazi, umepinda nje, pale pale ambapo mpigaji angeweka mkono na uso.

"Jibuni sasa!" Kabedi akapaza sauti. "Nani alikula nani? Mama huyu anarudi mu nyumba yake, na hakuna mwenye kumutoa!"

Banza akavua kofia. "Pole, mama," akasema, na mambo yakaishia hapo.

Walipoondoka, Kabedi akaenda peke yake kufungua kamba.

Nyuma ya kisiki, kwenye tope, palikuwa na mashimo mawili ya magoti. Nyuma yake, alama za vidole vya miguu vilivyochimba ardhi. Mtu alikuwa amepiga magoti kulenga. Mbali na nyayo zake mwenyewe na za Banza, hapakuwa na za kuja. Wala za kwenda.

Kisha akafikiri. Banza akiona hivi, atasema bwanga, dawa ya kichawi. Kesi itaanza upya, na mama huyu ataitwa tena uani.

"Asante, tata Muamba," akanong'ona. "Lakini hata wewe hautaniharibia kesi."

Akainama afute. Tope lilikuwa na joto.

Akalisawazisha kwa kiganja. Taratibu, mbele ya macho yake, likabonyea tena. Goti moja. La pili. Safari hii yalielekea kwake, kama mtu anayeshukuru.

Hakukimbia. Akafuta tena, na tena, mpaka kucha zikajaa udongo.

Siku hizi, mvua ikinyesha Nzilo, nyuma ya jiko la Mama Sikudhani maji hutuama mahali pawili, ubavu kwa ubavu. Wageni huuliza kwa nini hapafukiwi. Yeye huwapa kiti, mbali kidogo na hapo.