Kaburi la Wapagazi

"Mbega, hapa Mwamba. Umepata nini? Badili."

"Mwamba, hapa Mbega. Nimemnasa mtu mmoja wa magendo. Anasema baruti haiko hapa Litumbandyosi. Imepelekwa ziwani, kwenye makaburi ya vita. Badili."

Redio ikakoroma.

"Mwongo huyo. Baki hapo hapo, endelea kupekua. Ni amri. Mwisho."

Hyasinti Ndunguru, kachero wa siri wa serikali ya Tanganyika, hakuwahi kuvunja amri ya Mwamba. Mwamba alikuwa Flaviani Kinunda, mkuu wake, Mmatengo mwenzake wa Matiri. Katika vita ya kwanza alikwenda na baba yake Hyasinti kuwabebea Waingereza mizigo, akarudi peke yake. Ndiye aliyemlea Hyasinti, akamsomesha, akamfundisha kulenga shabaha.

Lakini huu ulikuwa mwaka 1940. Mjerumani alikuwa vitani tena, na alasiri hiyo Mkuu wa Jimbo angezindua mnara wa kumbukumbu kwenye makaburi yale, upande wa Chiwanda. Wajane wa wapagazi walikuwa wamealikwa.

Mama yake alikuwa mmoja wao.

Akamfunga mateka kwenye nguzo ya kibanda, akapiga teke pikipiki yake ya BSA. Milima yote ile aliishuka kama breki hazikuwepo. Kuku wa watu walimkoma siku hiyo.

Makaburini alimkuta mlinzi tu, mzee Wendelini, akifagia. Wengine wote walikuwa gatini kupokea wageni.

"Shikamoo, mzee. Nani amechimba hapa karibuni?"

"Marahaba. Achimbe nani? Jana sote tulipelekwa gatini kufyeka."

Misalaba ya Wazungu ilisimama mistari mistari, kila mmoja na jina lake. Nyuma, kwenye mteremko, jirani na mnara mpya, palikuwa na kaburi moja pana la wapagazi. Halikuwa na jina hata moja. Mama yake, Verediana, alikwisha amua zamani kwamba mumewe yumo humo. Kila mwaka huketi ubavuni mwake, akalisawazisha kwa viganja.

Udongo wake ulikuwa mbichi.

Hyasinti akapiga magoti, akafukua. Vidole vikagusa nyasi. Zilikuwa zimelazwa mistari, mingine imekatisha juu ya mingine, kisha zikafunikwa udongo.

Aliitambua kazi hiyo.

Watu wa ziwani hulima matuta ya mihogo, hawana habari na nyasi za namna hiyo. Anayezilaza hivyo ni Mmatengo anapoandaa ngolo, yale mashamba yake ya mashimo, ili mvua isiuchukue udongo wa mlimani. Aliyefukia hapa aliogopa mvua isije ikamuumbua, na mikono yake ikafanya ilichozoea. Katika kikosi chote cha makachero kilichotumwa ziwani kulinda sherehe, Mmatengo alikuwa mmoja tu: Mwamba.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Chini ya nyasi palikuwa na sanduku la baruti, fataki ya kuilipulia, na waya uliofukiwa kuelekea banda la zana pale mwinukoni. Aling'oa fataki, akaitupa baruti yote ziwani, akazirudisha nyasi na udongo juu ya ncha tupu ya waya. Kisha akawatonya polisi wa doria ya ziwa wawe tayari na waizingire boti yoyote ngeni. Angeweza kumkamata Flaviani gatini. Hakutaka. Bado alitumaini amekosea.

Alasiri, wimbo wa wajane ulipoanza, aliingia bandani kwa kunyata, bastola yake ya Webley mkononi.

Flaviani alikuwa dirishani. Mkono mmoja ulishika darubini ya Zeiss, mwingine mpini wa kisanduku cha kulipulia.

"Shikamoo, baba."

Flaviani hakushtuka. "Marahaba, mwanangu. Nilikuambia ubaki Litumbandyosi. Nilikuwa nakuokoa."

"Kwa nini, baba?"

"Utazame ule mnara. Baba yako alikufa na mzigo wa Waingereza kichwani. Umeliona jina lake? Hawa ndio waliotusaliti kwanza. Mjerumani akirudi, wilaya hii nzima ni yangu."

Hyasinti aliutupia jicho mnara. Ilikuwa kweli, nayo ilimuuma.

"Mama ameketi pale. Unamwona?"

"Namwona."

"Basi ondoa mkono."

"Nisamehe, mwanangu."

Akausukuma mpini.

Hakuna kilicholipuka. Nje wajane waliendelea kuimba.

Akausukuma tena. Ile ya kwanza labda Hyasinti angeisamehe. Ya pili, hapana.

"Fataki niling'oa mimi," alisema, akimtia pingu. "Nilitaka tu kujua kama utasukuma."

Huko ziwani, boti ya Mjerumani aliyekuwa akimngoja ilizingirwa kabla haijawasha injini.

Askari wa doria walimtoa Flaviani kwa mlango wa nyuma, na Mkuu wa Jimbo akamaliza hotuba yake bila kujua lolote. Hyasinti alipita kando ya kaburi kuiendea pikipiki yake.

"Wee Hyasinti!" Mama yake alikuwa bado anapapasa udongo. "Baba yako mdogo Flaviani yuko wapi? Nimemwachia nafasi hapa, tumkumbuke mwenzake pamoja."

"Ana kazi, mama."

"Kazi gani hiyo? Hajakosa hata mwaka mmoja. Mwambie nimemwekea na samaki."

"Nitamwambia."

Akavaa miwani yake ya vumbi, akawasha BSA, akaenda zake.